Udongo wa Mvunguni

Fahmi alikaa barazani, mgongo kaupa mlango, kama inavyompasa mwanamme aliyekuja kuzungumza na kizuka, mwanamke aliye edani kwa kufiwa na mume. Ndani, nyuma ya pazia, Asya alikaa kigodani na kanga zake nyeupe, hana wanja, hana hina, hana hata harufu ya sabuni nzuri. Watu wawili hawa wamesoma darasa moja, wamefanya kazi chumba kimoja, wamegombania feni moja mpaka wakanuniana, na leo mmoja anazungumza na njia na mwengine anazungumza na pazia.

Fahmi aliuliza hali. Akawaulizia wazee. Akarudi akauliza hali. Ukimwona mtu wa Pemba anauliza hali mara ya pili, basi jua ana neno limemkaa kooni na hajui alitoe vipi.

Neno lenyewe lilikuwa mkutano. Watafiti chipukizi wa udongo kutoka nchi zote hizi za jirani walikuwa wanakwenda kukutana Morogoro, na siku zenyewe zilikuwa zimeshakaribia. Katika waliochaguliwa kusimama mbele na kueleza kazi zao, kutoka Pemba nzima alikuwemo mmoja tu, naye ni huyu aliyekaa kigodani. Kazi yake ilihusu maji ya chumvi yanavyopanda na kuuharibu udongo wa mabonde ya mpunga. Alichimba kiangazi, akachimba tena masika. Sasa kizuka hasafiri. Kizuka haendi hata dukani, mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Hilo Fahmi hakulisema, maana hakuna mtoto wa Ole, kijiji chao, asiyelijua. Alichosema ni kwamba ofisi imeona nafasi isipotee, aende yeye akaisome kazi kwa niaba yake.

"Jina litakuwa lako," alisema. "Mie msomaji tu."

Asya alishukuru. Mdomo ndio ulioshukuru. Aliutaka mkutano ule, jamani, aliutaka kama mtoto anavyoitaka Idi. Si kwa hoteli wala kwa picha. Alitaka siku moja ya maisha yake akae chumba kimoja na watu ambao ukiwatajia udongo hawakuulizi unajenga wapi. Alitaka watu wa rika lake, wenye kucha chafu kama zake, wamwulize swali gumu na yeye apate kulijibu. Miaka yote hiyo amekuwa akiyasoma majina yao chini ya makala zao na kujiuliza wana sura gani.

Fahmi aliendelea taratibu, kwa sauti ya kuomba radhi. Anahitaji kompyuta ya ofisi. Na anahitaji vipimo vya masika, kwa sababu alivyovipata ofisini ni vya kiangazi peke yake, na ukienda kule na msimu mmoja watakwambia rudi nyumbani ukasubiri mvua.

Asya akamjibu kwamba vya masika hakuwahi kupima, lakini udongo wenyewe umo humu ndani, ampe muda mdogo. Akaingia chumbani, akapiga magoti mbele ya kitanda. Ile mifuko midogo ya kitambaa cha marikani yeye na mumewe waliipanga mvunguni, bonde kwa bonde, kwa sababu stoo ya ofisi ilikuwa inavuja. Leo mvunguni mlikuwa mweupe, mmefagiwa, na kandambili zake zimepangwa sambamba kama za mgeni. Akaingiza mkono mpaka ukutani. Hakugusa kitu.

Alirudi bila ya mifuko. Akaipitisha kompyuta chini ya pazia, na waya wake, akamwambia Fahmi aende na alichonacho. Fahmi aliuliza kama kuna tatizo. Asya akasema hakuna.

* * *

Wa kuulizwa alikuwa wifi yake. Shamima alikuwa uwani, kakaa juu ya jamvi anachambua karafuu, anatenga makonyo, vile vijiti vyake, huku na karafuu huku, maana vuno halikungoja msiba wa mtu. Alipoulizwa habari ya mifuko, vidole vyake vilizidi kwenda mbio na macho akayaacha kwenye jamvi. Kisha akaona hakuna pa kukimbilia, akasema.

Siku ile ya maziko wanawake waliingia kukisafisha chumba ili kizuka apate pa kukaa. Bi Mwanaasha wa nyumba ya pili ndiye aliyeingiza ufagio mvunguni. Ukatoka mfuko. Ukatoka wa pili, ukatoka wa tatu, na yote ina udongo, imefungwa kooni kwa chane za miyaa ya kusukia, na kila mmoja umeandikwa jina la mtu aliye hai. Bi Mwanaasha anajua kusoma. Akasoma Talib. Akasoma Hamad. Akasoma Jaribu. Kisha akasoma jina lake mwenyewe, na mwenye kitanda kalazwa ukumbini anangojea jeneza.

"Sasa weye hebu fikiri," Shamima alisema.

Asya hakuhitaji kufikiri sana. Kuna maneno Ole hayasemwi. Watu hutazamana tu, mmoja akasema audhubillahi, na kazi ikawa imekwisha. Na ukweli ni kwamba majina yale yalikuwa ya wenye majaruba ya mpunga, na Bi Mwanaasha mwenyewe alisimama juu ya tuta la jaruba lake, kajishika kiuno, anamtazama mume wa Asya akichimba, kisha akawapa madafu wanywe. Alitoa ruhusa udongo ukapimwe. Hakuna aliyemwambia kwamba utalala chini ya kitanda cha mtu na jina lake shingoni. Hapo, tusiseme uongo, Asya alikosea.

Wanawake wakakubaliana vitu vile vitoke ndani kabla maiti haijatoka, vikatupwe mtoni. Aliyevichukua ni Bi Mwatum, mama wa aliyekufa. Shamima alimwona akitia mifuko kapuni na kutokea mlango wa nyuma, na alimwona akirudi na kapu tupu.

Ndipo Asya akaelewa mambo mengine. Akaelewa kwa nini wanawake waliokuja kumpa pole walikaa karibu na mlango na hawakukaa mkekani pake. Akaelewa kwa nini siku ya hitima kahawa aliyoimimina yeye ilipoa kwenye vikombe, ikanywewa na mtu mmoja tu, naye Bi Mwatum, aliyekunywa kikombe chake akaomba na cha pili.

Hakulia mbele ya Shamima. Ungeanzaje kulilia mifuko ya udongo wakati hujamaliza kumlilia aliyeichimba? Alirudi chumbani, akauvuta mlango.

* * *

Kulikuwa na jambo ambalo Asya hakumwambia mtu. Mumewe hakuwa mpandaji wa mikarafuu. Alikuwa fundi wa baiskeli, ana kibanda chake njiapanda, na mikarafuu aliiacha tangu ujana. Mwaka huu alirudi kuipanda, achume kwa ujira, kwa sababu ya begi. Alisema mtu anayekwenda kusema mbele ya wasomi wa nchi za watu hawezi kushuka melini na kapu, lazima awe na begi la magurudumu. Alikuwa akimwonyesha atakavyolivuta bandarini, anatembea ukumbini na kiuno kakiegemeza upande, mpaka Asya anacheka anamwambia basi. Akapanda asubuhi, na tawi likamkatikia kabla ya adhuhuri.

Kwa hiyo kila alipotajiwa Morogoro, Asya alisikia tawi. Na juu ya hayo yote, Mwenyezi Mungu amsamehe, bado alitaka kwenda. Hilo ndilo lililokuwa likimla. Alimtamani mumewe na aliutamani mkutano, na tamaa mbili hizi zilikaa ndani yake zinatukanana.

Jina la mume mwenyewe tuliache kwanza, maana mkewe hakuwa akilitaja. Bibi yake alimfundisha kwamba jina la mume halitupwi ovyo, naye akaishika adabu ile hata alipokwenda chuo na kurudi. Wakiwa wawili alimwita yakhe, kama aitwavyo rafiki. Mbele ya Bi Mwatum alisema "mwanao". Mume alikuwa akimchokoza kila mara. "Siku utakayonita jina langu," akimwambia, "ntajua nimekukosea kosa kubwa."

Na tangu afe, watu wote wakapata neno moja la kumwita. Marehemu alikuwa mpole, marehemu alikuwa na mkono wazi, baiskeli ya marehemu. Siku ya hitima mama mmoja alipoanza na marehemu wake, Bi Mwatum alimkatiza. Alimwuliza marehemu yupi, humu ndani wamefariki wengi. Akainuka akenda jikoni, na wageni wakatazamana.

* * *

Bi Mwatum alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, wa maneno machache, na hayo machache hakuyafunika kwa sukari. Alasiri moja aliingia kwa Asya na sahani ya muhogo, akaiweka, akaikagua meza.

"Ile kompyuta i wapi?"

Asya akamwambia kaichukua Fahmi, ndiye atakayekwenda Morogoro. Bi Mwatum akakaa kitako juu ya kitanda. Aliutengeneza mtandio wake kwa muda mrefu.

"Mwanangu kafa. Weye husafiri. Na kazi inakwenda kusomwa na mtu mwengine," alisema. "Sasa yeye kafia n'ni?"

Asya akamgeukia. "Ulijua, mama?"

"Alinambia. Alikuja kuniazima kamba ya kupandia. Nikamwuliza kamba ya n'ni na weye huna mikarafuu, akanambia ya begi la mke wangu." Akaukunja ukingo wa mtandio. "Alikuwa akicheka."

Siku zote hizo Asya alikuwa akiificha siri ambayo mwenziwe analala nayo chumba cha pili. Aliinamisha uso, akamwomba radhi.

"Radhi ya n'ni?" Bi Mwatum alisema. "Tawi ulilikata weye?"

Akatoka. Asya alidhani mazungumzo yamekwisha, lakini alisikia kitu kinaburutwa sakafuni upande wa pili wa ukuta, na Bi Mwatum akarudi akilivuta kapu. Mifuko ilikuwemo yote, hata ule wa Bi Mwanaasha. Alifika nayo mpaka mtoni, alieleza. Aliutoa wa kwanza autupe, na mkono ukakutana na fundo. Mwanawe alikuwa akifunga kwa mkono wa kushoto tangu mdogo. Viatu vya skuli alivifunga fundo hilo hilo, la kinyume, walimu wakamcheka na hakuacha. Bi Mwatum alikaa pale ukingoni na mifuko mapajani mpaka akasikia wanaume wanapita na jeneza kule juu. Kisha akaificha kwenye banda la makonyo, na usiku wa pili akaihamishia mvunguni mwake.

"Watu hao wataka nitupe kitu cha mwisho alichokifunga mwanangu," alisema. "Kwa sababu Mwanaasha kaona jina lake."

Asya alikuwa ameshaushika mfuko mmoja. Furaha ilimpanda ghafla, ya aibu lakini ya kweli, na vidole vyake vikaanza kulilegeza fundo kabla hajajijua. Mkono wa Bi Mwatum ukatua juu ya wake.

"Wafanya n'ni?"

"Lazima nifungue, mama. Udongo haupimiki umefungwa."

"Basi usipimwe."

Alimpokonya mfuko, akaurudisha kapuni na kulivuta kapu kule lilikotoka. Sahani ya muhogo ilibaki mezani haikuguswa. Na Asya hakumfuata wala hakumlaumu. Angemlaumu vipi? Yeye mwenyewe alikuwa na shati chini ya mto ambalo hakumruhusu Shamima kulifua.

* * *

Asubuhi, Asya bado yuko juu ya msala wa kusalia, Bi Mwatum aliingia kavaa miwani yake na wembe mkononi. Hakusalimia. Akalimwaga kapu lote sakafuni, akauchukua mfuko wa juu na kuugeuza miguu juu, kichwa chini.

Mifuko ile aliishona yeye. Mwanawe alimletea vipande vya marikani kabla ya masika akamwambia mama, tushonee mifuko, ya nailoni inakatazwa. Akaishona yote kwa mkono, akikaa pale pale barazani.

"Mshono ni wangu," alisema. "Fundo ni lake. Wangu nautatua nnavyotaka."

Akaupitisha wembe kwenye mshono wa chini, uzi mmoja mmoja, bila ya kuharakisha. Udongo ukashuka kwenye sahani, mkavu, rangi ya kijivu, na kipande cha karatasi chenye jina kando yake. Mfuko ukabaki mtupu na fundo lake shingoni, halijaguswa. Bi Mwatum akaukung'uta, akaukunja na kuuweka mapajani. Asya alikaa akimtazama mpaka machozi yakamzuia kuona, ndipo akaenda kutafuta sahani nyengine.

Shamima akapiga simu ofisini kwamba udongo wa masika umepatikana na Asya anaitaka kompyuta irudi. Fahmi alikuja na kipima chumvi, madumu ya maji ya betri, ambayo ndiyo maji safi yanayopatikana mjini Chake bila ya shida, na kompyuta. Alikuwa ameshanunua tai, na mama yake alishawatangazia watu. Alivyoiweka kompyuta kizingitini ilisikika kwamba inamuuma. Asya aliisikia, akamhurumia, na kompyuta akaivuta ndani vile vile. Wakapatana kwa kupitia pazia: tiketi haibadiliki tena, kwa hiyo Fahmi aende, aonyeshe picha ukutani, na mwenye kazi aseme mwenyewe kwa simu akiwa Ole. Fahmi akasema atawaomba waandaaji. Kesho yake akaleta jawabu kwamba wamekubali.

Vikombe vya kupimia havikutosha, Asya akateremsha vikombe vya kahawa, vile vile vilivyokataliwa siku ya hitima. Akavipanga ukumbini juu ya mkeka, kila kimoja na udongo wake na maji yake na jina lake, avikoroge, avingoje vitulie, atie kipimo, asome. Kazi ile ilimpa pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alisikia njaa, akaila sahani nzima ya wali akaomba ukoko.

Bi Mwanaasha akatokea mlangoni. Alisema kaja kuazima ungo. Macho yake yalikuwa juu ya mkeka, yanasoma.

"Jaruba langu lipi?" aliuliza mwisho.

Asya akamwonyesha. Akatia kipimo kikombeni mbele yake, akamsomea, akamweleza kwamba chumvi ni nyingi mno, na ndiyo iliyoukausha ncha mpunga wake mwaka juzi na mwaka jana. Bi Mwanaasha aliinama akakitazama kikombe kile kwa karibu, mikono kaiweka nyuma.

"Na chumvi hiyo hakuna mtu aliyeitia?"

"Bahari, Bi Mwanaasha. Tuta limebomoka kule chini, maji yanaingia."

Hakuomba radhi, msimtazamie hilo. Aliuliza tu kama nyumba hii siku hizi haipiki kahawa. Vikombe vyote vilikuwa na udongo, kwa hiyo Bi Mwatum akamtilia kwenye bakuli. Bi Mwanaasha akakaa juu ya mkeka, pembeni ya Asya, akalishika bakuli kwa mikono miwili na kuinywa kahawa mpaka chini. Ungo aliusahau.

* * *

Siku ya mkutano mtandao ulikuwa unapatikana chumbani kwa Bi Mwatum peke yake, dirishani. Shamima aliuliza, kwa kusitasita, kama isingekuwa bora kumwuliza shehe: sauti ya kizuka isikike na wanaume wote wale? Bi Mwatum alikuwa anatandika kitanda.

"Eda yataka akae ndani," alisema. "Hapa si ndani?"

Basi fatwa ya nyumba ile ikawa hiyo. Asya akakaa kitandani kwa mkwewe, kompyuta mapajani, simu imeegemezwa kwenye mtungi. Juu ya kichwa chake Bi Mwatum alikuwa ametundika mifuko mitupu kwenye kamba, imening'inia kwa mafundo yake. Mwenyewe alikaa chini karibu na mlango, anasuka ukili wa mkeka, kama mtu aliyepita tu na kuamua kupumzika.

Morogoro aliyoipata Asya ilikuwa ya sauti. Alisikia viti vikiburutwa, mtu akikohoa, kijiko ndani ya kikombe. Alisikia Fahmi akimtambulisha, vizuri, bila ya kujipa hata herufi moja. Kisha akasema yeye, kwa Kiingereza, na ulimi uliokuwa mzito miezi yote hiyo ukafunguka. Aliwapeleka bonde kwa bonde, kiangazi na masika, akawaonyesha chumvi inavyopanda na wapi tuta moja likijengwa lingeweza kuizuia. Pahala alipokusudia wacheke, walicheka. Alifumba macho akajiweka kule, mbele yao, na begi lake kando ya mguu, na akalitamani begi lile na chumba kile na nyuso zile.

Wakaja wa kuuliza. Alijibu la chumvi, akajibu la mvua, hakutikisika. Halafu akaja mwanamke mmoja, kijana kwa sauti yake, akasema yeye pia anachimba mabondeni kwao na anajua tope la masika linavyofika mapajani. Alitaka kujua mtu mmoja aliwezaje kuchimba mabonde yote yale.

Maswali magumu Asya aliyajiandalia. Hili hakulijiandalia. Lilikuwepo jawabu rahisi, la kwenye makala, kwamba alikuwa na msaidizi. Alilifungulia mdomo jawabu lile na halikutoka. Juu yake mafundo yalikuwa yakitikisika kidogo kwa upepo wa dirishani.

"Sikuwa peke yangu," alisema. "Alichimba Haroub. Haroub Shaame, wa Ole. Mume wangu."

Kule ukumbini Fahmi alikuwa ameshawaeleza kwa nini msemaji hakuja. Yule mwanamke akasema asante, kwa sauti ya chini. Asya aliingojea haya impande kwa kulitaja jina, haya haikuja. Zilikuja hasira. Aliambiwa na mwenyewe kwamba atalitaja siku atakayokosewa kosa kubwa, na kosa gani kubwa kuliko kupanda juu kwa ajili ya begi na kumwacha hapa chini na masika yanayokuja? Waandaaji walimshukuru, watu wakapiga makofi, kisha Fahmi akasema neno ambalo halikusikika vizuri na simu ikakatika.

Bi Mwatum alikuwa ameacha kusuka. Ukili umelala mapajani, vidole bado vimeshika ncha.

"Kizungu chako mie sikukijua," alisema. "Lakini umemtaja."

"Nimemtaja, mama."

"Umewambia n'ni?"

"Nimewambia udongo kauchimba yeye."

Bi Mwatum akatikisa kichwa kukubali. Alitazama mifuko, kisha akatazama sakafu, na alipozungumza sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

"Tangu azikwe, humu ndani hakuna aliyelitaja jina lile. Hata mie nashindwa. Litaje tena."

Asya akaiweka kompyuta kando. Akashuka kitandani, akakaa chini karibu yake, mabega yakagusana. Akalitaja, na safari hii ilikuwa kwa sauti ya mtu anayemwita mwenziwe aliye uwani, na wote wawili wakangoja aitike.